Msafiri Asomaye
Somo la kutafakari na kufundisha: Matendo ya Mitume 8:26–40

Ndugu wapenzi, kabla ya kulisoma somo hili fungueni Biblia zenu, mkaisome habari ya Filipo na mtu wa Kushi mpaka mwisho wake. Walimu watakaolifundisha katika madarasa yao na waisome mara mbili, na mara ya pili waisome kwa sauti. Maana mtu yule wa Kushi alikuwa akisoma kwa sauti garini mwake. Kama angalisoma kimya, Filipo asingalimsikia.

Neno tutakalo kulitafakari ni hili: safari, na kusoma, na kuona mambo mapya, vyaifanyia nini imani ya Mkristo? Katika sharika zetu twasikia majibu mawili. Wako wazee wasemao ya kuwa kijana akitoka kwao akaenda mjini, au akavuka bahari kwenda kujifunza, imani yake huiacha njiani kama mzigo uliomlemea. Tena ya kuwa vitabu vingi huleta maswali mengi, na maswali huleta mashaka. Wako na vijana wasemao kinyume, ya kuwa imani ya mtu asiyetoka kwao ni kama kuku aliyefungwa kamba mguuni: haendi mbali kwa kuwa hawezi, wala si kwa kuwa apapenda nyumbani.

Maneno haya mawili husemwa katika nyumba moja, baba na mwana wakiota moto pamoja. Na mara nyingi mwisho wake ni kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kutuhuzunishako kuliko maneno yenyewe. Maana kijana aliyenyamazishwa nyumbani huyachukua maswali yake akayapeleka mahali pengine, na huko pengine hatujui ni nani atakayemjibu.

Basi tusijibu upesi. Na tuwatazame wasafiri wachache na wasomaji wachache, wengine wa Maandiko Matakatifu, wengine wa siku za baadaye, tuone njia iliwafanyia nini na kitabu kiliwafanyia nini.

I. Mtu wa Kushi

Luka atuambia ya kuwa mtu huyu alikuwa towashi, tena mwenye mamlaka, mtunza hazina yote ya Kandake. Kandake si jina la mtu mmoja, bali ni cheo cha malkia wa Kushi, kama vile Farao kilivyokuwa cheo cha wafalme wa Misri. Nchi ya Kushi ilikuwa kusini ya Misri, kandokando ya mto Naili, na mji wake mkuu siku zile ulikuwa Meroe, katika nchi iitwayo leo Sudani. Kutoka huko mpaka Yerusalemu ni safari ya majuma mengi, kwa jangwa na kwa mto. Mtu huyu aliifunga safari hiyo, si kwa kufanya biashara, bali kwa kuabudu.

Je, alipofika alipata nini? Luka haelezi jinsi alivyopokewa. Lakini sheria twaijua. Katika Kumbukumbu la Torati 23:1 mtu wa namna yake hana ruhusa kuingia katika mkutano wa Bwana. Tena katika ua wa Hekalu palikuwa na kizuizi, na juu yake mawe yaliyoandikwa kwa Kiyunani, yakimwonya kila mgeni ya kuwa akipita hapo atakufa, na kosa litakuwa lake mwenyewe. Jiwe moja la mawe hayo lilionekana Yerusalemu mwaka 1871, na maandishi yake yasomeka hata leo. Basi twaweza kumwazia mtu huyu aliyetoka mbali namna ile, amesimama katika ua wa nje, akizisikia nyimbo za watu waliomo ndani.

Wengine wangaliona uchungu, wakarudi kwao wakisema, Dini ile si yetu. Yeye hakurudi hivyo. Alirudi na kitabu. Na kitabu siku zile hakikuwa kitu cha kununuliwa kwa senti chache. Kiliandikwa kwa mkono, safu kwa safu, kikakunjwa kwa kuzungushwa kama mkeka. Mwaka 1947 kitabu cha Isaya cha namna hiyo kiliokotwa katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Ni cha ngozi, urefu wake wapita meta 7, nacho kiliandikwa miaka 100 na zaidi kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Kitu kama hicho alikuwa nacho mtu wa Kushi magotini pake, gari likienda na kutikisika katika njia ya Gaza.

Sasa tuyaangalie mambo matatu.

La kwanza, alisoma njiani. Hakusema, Nitasoma nitakapofika nyumbani na kupumzika. Yale aliyoyaona Yerusalemu yalikuwa bado mapya moyoni mwake, na alipokuwa bado nayo akakifungua kitabu.

La pili, alikiri ya kuwa haelewi. Filipo alipomwuliza kama ayafahamu ayasomayo, mtunza hazina wa malkia alimjibu mtu wa miguu, mwenye mavumbi ya njia, ya kuwa hawezi kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Cheo chake hakikumzuia. Twafahamu sote jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mwenye elimu kuyasema maneno hayo mbele ya mtu asiye na cheo. Twafahamu pia jinsi ilivyo vigumu kwa mwalimu kuyasema mbele ya mwanafunzi wake.

La tatu, alimsihi Filipo apande aketi pamoja naye. Kitabu peke yake hakikutosha, wala Filipo peke yake hakutosha. Walikuwa wawili na kitabu kati yao, na Roho wa Bwana aliyewakutanisha.

Ninyi walimu, angalieni pia jinsi Filipo alivyofundisha. Hakumwambia akifunge kitabu kile amsikilize yeye. Hakuja na somo alilolitengeneza nyumbani. Luka asema ya kuwa alianza kwa andiko lilo hilo, yaani pale pale kidole cha yule mtu kilipokuwa. Andiko lenyewe lilikuwa Isaya 53, linenalo habari za mtu aliyedharauliwa, aliyeondolewa katika nchi ya walio hai, asiye na mtu wa kueleza kizazi chake. Towashi naye hana kizazi. Si ajabu aliuliza kwa bidii ni nani anenwaye hapo, nabii mwenyewe au mtu mwingine. Swali lake halikuwa la mchezo. Lilihusu maisha yake. Ndipo Filipo akamhubiri Yesu.

Tena kuna jambo lingine. Mtu akiendelea kukikunjua kitabu kile kile, safu chache mbele, atafika Isaya 56:3–5, ambapo Bwana awaahidi mgeni na towashi mahali nyumbani mwake, na jina lililo jema kuliko wana na binti. Luka hasemi kama walifika hapo. Lakini ahadi ilikuwamo mikononi mwake tangu alipoondoka Yerusalemu. Mlango aliofungiwa mjini ulifunguliwa jangwani, penye maji ya kando ya njia. Naye akauliza ni nini kimzuiacho asibatizwe, mtu aliyekwisha kukutana na vizuizi vingi. Safari hii hapakuwa na kizuizi.

Baada ya hayo Filipo aliondolewa, na yule mtu hakumwona tena, naye akaenda zake akifurahi. Furaha yake haikumshikilia Filipo; kama ingalimshikilia, ingalikwisha pale pale. Alirudi Kushi akiwa na ubatizo wake na kitabu chake.

II. Safari isiyotoa jibu

Sasa tumtazame msafiri wa pili, ambaye jina lake Kanisa letu lalijua sana. Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa kule Erfurt. Yapata mwaka 1510 au 1511 alitumwa kwenda Roma pamoja na mtawa mwenziwe kwa shauri la chama chao. Walikwenda kwa miguu, wakivuka milima ya Alpi wakati wa baridi. Luther alikwenda kwa furaha kubwa, maana Roma ulikuwa kwake mji wa mashahidi waliomwaga damu yao kwa ajili ya Kristo, naye alitumaini kupata huko amani aliyoikosa nyumbani.

Alizunguka katika makanisa, akasali kila mahali. Alisikitishwa na makasisi waliokimbiza ibada kama watu wenye haraka ya kwenda sokoni. Tena alipanda ile ngazi yenye vipandio 28, ambayo watu walisema ilikuwa ya nyumba ya Pilato. Akaipanda kwa magoti, na kwa kila kipandio alisema sala ya Baba Yetu, ili kumwokoa babu yake katika mateso ya toharani. Alipokuwa mzee alisimulia mwenyewe ya kuwa alipofika juu wazo lilimjia moyoni: ni nani ajuaye kama jambo hili ni kweli?

Ndugu, tulione vema jambo hili. Safari ya Roma haikumpa Luther imani, bali ilimpa swali. Alirudi Ujerumani, akaendelea na utawa wake kama kwanza, na swali likabaki naye. Wako watu wafikirio ya kuwa wakifika mahali fulani, mji mkubwa, au nchi ya Wazungu, au hata Yerusalemu penyewe, mioyo yao itatulia. Luther alifika alikotaka, wala moyo wake haukutulia.

Jibu alilipata wapi? Alilipata Wittenberg, mji mdogo, mezani kwake, mbele ya Biblia. Mwaka 1512 alipewa cheo cha daktari wa theologia, ikawa kazi yake kuwafundisha wengine Maandiko. Tangu mwaka 1513 alifundisha Zaburi, na mwaka 1515 na 1516 Waraka kwa Warumi. Mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika jinsi neno la haki ya Mungu katika Warumi 1:17 lilivyomtesa. Alidhani ya kuwa ni haki ambayo kwayo Mungu huwaadhibu wenye dhambi, naye alilichukia neno hilo. Lakini hakuliacha. Aliligongagonga kama mtu agongaye mlango usiku, mpaka akaangalia jinsi maneno ya mstari ule yanavyofuatana, akafahamu ya kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure kwa neema, naye mtu huipokea kwa imani.

Basi wale vijana wasemao ya kuwa akaaye nyumbani ni kuku wa kamba, na wamfikiri mtu huyu mezani kwake. Mtu aweza kuketi katika mji mdogo, akafika mbali kuliko wenye kuvuka milima. Lakini na wazee nao wasiidharau ile safari. Luther alisema baadaye ya kuwa asingalikubali kuikosa hata kwa fedha nyingi, kwa maana angaliogopa ya kuwa labda anawasingizia watu wa Roma. Aliyoyanena aliyanena kama mtu aliyeona kwa macho yake. Njia ilimpa swali, na kitabu kilimpa jibu. Angalikosa kimoja, kingine kingalipungukiwa.

III. Kitabu kisichotoka nje

Msafiri wa tatu alipita katika nchi yetu ya Afrika ya Mashariki. Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen katika Württemberg, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri la huko, akatumwa na chama cha misioni cha Waingereza kiitwacho C.M.S. Alifika Mombasa mwaka 1846, akamkuta Krapf, ambaye mkewe alikuwa amekufa huko mwaka 1844. Wote wawili wakaanza kukaa Rabai.

Mwezi wa Aprili mwaka 1848 Rebmann alifunga safari kwenda Uchaga, pamoja na Bwana Kheri aliyeijua njia, na wapagazi wachache. Hakuchukua kundi la askari. Mwavuli wake umesimuliwa mara nyingi kuliko silaha yo yote. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu: Baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja.

Siku ile ile, walipokaa kupumzika, alisoma Zaburi ya 111. Hakuichagua kwa ajili ya mlima. Alikuwa na desturi ya kusoma Biblia kwa zamu kila siku, na zamu ilikuwa imefika hapo. Zaburi hiyo yasema habari za ukuu wa matendo ya Bwana, na mstari wa 6 wasema jinsi anavyowaonyesha watu wake uwezo wa kazi zake kwa kuwapa urithi wa mataifa. Aliandika ya kuwa maneno hayo yalimgusa moyo sana mbele ya mlima ule. Sisi twaona hapa jambo kubwa kwa udogo wake. Mtu asiye na zamu ya kusoma angaliuona mlima, akaustaajabia, akapita. Yeye alikuwa na maneno tayari, kwa sababu alisoma hata siku zile ambazo hapakuwa na mlima.

Habari zake zilichapwa Uingereza mwaka 1849. Hapo ndipo akatokea William Desborough Cooley wa London, mtu msomi sana wa mambo ya Afrika, ambaye hakuitia mguu wake Afrika hata mara moja. Alikuwa amevisoma vitabu vya Wareno na vya Waarabu, akawauliza na wafanya biashara waliofika London. Akasema theluji haiwezi kuwapo mahali palipo karibu hivyo na ikweta, na ya kuwa Rebmann ameona mambo ya kuwaziwa tu. Mwaka 1862 Baron Carl Claus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima ule mpaka juu ya meta 4,000, wakaihakikisha habari ya theluji. Hata baada ya ushuhuda huo Cooley alibisha.

Hatusemi ya kuwa kosa la Cooley lilikuwa kusoma. Kama angalisoma na kuuliza zaidi, ingalikuwa heri. Kosa lake lilikuwa kukifanya kitabu kuwa ukuta, asiweze kusikia neno la mtu aliyeona kwa macho. Na Wachaga wenyewe, waliouona mlima wao kila asubuhi na kuwa na majina yao kwa vilivyo juu yake, hakuna mtu London aliyewangojea kuwauliza.

Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Mtu arudipo toka mbali akasimulia ya kuwa ameona Wakristo wasalio kwa namna nyingine, au ya kuwa ameishi na jirani Mwislamu mwenye haki na huruma kuliko Wakristo wengine, au ya kuwa ameona miji ambayo makanisa yake makubwa hayana watu siku ya Jumapili, twamjibuje? Tukisema, Haiwezekani, kwa kuwa haimo katika yale tuliyozoea, tumeketi katika kiti cha Cooley. Mungu ameufanya ulimwengu mkubwa kuliko kabati letu la vitabu.

Lakini tusidhani ya kuwa kuona ndiko mwisho wa mambo. Rebmann alisafiri Uchaga mara tatu, mpaka mwaka 1849. Mara ya mwisho alinyang'anywa mali yake, na njia ya kuendelea ikafungwa. Akarudi pwani, akakaa huko miaka mingi na kazi yake ya kamusi na lugha, akiona matunda machache sana. Macho yale yaliyouona mlima yakapofuka. Mwaka 1875 akarudi kwao, na mwaka 1876 akafa. Uchagani hakuona kanisa hata moja. Wamisionari wa Leipzig walifika huko mwaka 1893, na leo sharika zimeuzunguka mlima, ijapokuwa barafu yake imepungua sana. Theluji iliyobishaniwa yatoweka. Zaburi aliyoisoma yasomwa bado, tena kwa lugha nyingi za Afrika.

IV. Jambo jipya na lipimwe

Hapa mwenye busara atauliza: Je, kila jipya lipokewe? Sivyo. Mwana mpotevu wa Luka 15 naye alikuwa msafiri. Dema naye alisafiri kwenda Thesalonike, akamwacha Paulo (2 Timotheo 4:10). Lakini angalieni: Paulo haulaumu mji wa Thesalonike wala njia iendayo huko. Ataja kilichokuwamo moyoni mwa Dema, yaani kuupenda ulimwengu huu. Dema hakukiokota kitu hicho njiani; alitoka nacho.

Jinsi ya kulipima jambo jipya twajifunza kwa Petro, katika Matendo 10 na 11. Alipokuwa Yafa, aliona maono yaliyokuwa kinyume cha yote aliyofundishwa tangu utoto, akakataa mara tatu. Hakuwa mtu wa kugeuzwa na kila upepo. Ndipo wakaja watu wa Kornelio. Petro akaenda nao Kaisaria, lakini hakwenda peke yake. Alichukua ndugu sita (11:12) waone pamoja naye. Akaona Roho Mtakatifu akiwashukia watu wasio Wayahudi. Akalikumbuka neno la Bwana habari za ubatizo wa Roho (11:16), akalipima jambo lile kwa neno hilo. Kisha akarudi Yerusalemu.

Huko ndugu walishindana naye. Naye Petro hakuondoka kwa hasira, wala hakusema ya kuwa watu wa Yerusalemu ni wajinga wasiotembea. Aliwaeleza kwa taratibu tangu mwanzo. Nao walimsikiliza mpaka mwisho, wakanyamaza, wakamtukuza Mungu.

Tulitaja mwanzoni kunyamaza kwa baba na mwana. Kunyamaza huku kwa Yerusalemu ni kwingine kabisa. Baba na mwana hunyamaza kwa kuwa hawakusikilizana. Hawa walinyamaza kwa kuwa walikuwa wamesikiliza. Kama wangalimzuia Petro katikati ya maneno yake, mlango wa mataifa ungalifungwa kwa mikono ya Wakristo wenyewe, nasi leo tungalikuwa nje.

V. Yatupasayo

Jibu letu basi ni hili. Safari haiiui imani, wala haiizai. Huionyesha ilivyo, na huiuliza maswali. Neno la Mungu ndilo liizaalo na kuilisha. Na kwa kawaida Mungu huwatumia wenzi wa njia ili msomaji afahamu.

Kwa wale wasafirio: Chukueni Biblia, tena chukueni na zamu ya kusoma, maana Biblia isiyo na zamu hukaa chini ya sanduku mpaka siku ya kurudi. Mkifika ugenini, tafuteni usharika Jumapili ya kwanza, msingoje ya kumi. Yale mapya myaonayo msiyakimbie wala msiyameze. Yapimeni kwa Neno, pamoja na ndugu. Na mrudipo, simulieni kwa taratibu kama Petro, bila kuwadharau waliobaki.

Kwa wale wabakio: Msifikiri ya kuwa kubaki ni kukosa, kumbukeni meza ya Wittenberg. Lakini someni. Na arudipo msafiri, mpeni nafasi aseme mpaka mwisho. Usharika uandaao chakula cha kumpokea mgeni wake, ukamnyima masikio, umempokea nusu.

Kwa walimu na wainjilisti: Pandeni garini. Kijana akija na kitabu msichokijua, msikitupe, wala msiseme upesi ya kuwa ni cha shetani. Ketini karibu naye, mwulize amefika wapi na ni neno gani limtatizalo, mkaanze pale pale kidole chake kilipo. Mkiwa hamna jibu, semeni ya kuwa hamna, mkalitafute pamoja naye katika Maandiko na kwa mchungaji wenu. Mtunza hazina wa malkia hakuona haya kusema ya kuwa haelewi; mwalimu wa darasa la kipaimara asione haya. Na mwanafunzi wenu atakapoendelea na safari yake, asiwaone tena, msihuzunike kupita kiasi. Filipo naye hakujua habari za Kushi. Yeye alikutwa Azoto, akaendelea kuhubiri katika kila mji mpaka akafika Kaisaria.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mtu wa Kushi alikutana na vizuizi gani Yerusalemu? Ni vizuizi gani wageni wakutanavyo navyo katika usharika wetu, vilivyoandikwa na visivyoandikwa?
2. Kwa nini Filipo alianza kwa andiko lile lile, asianze kwa lingine?
3. Luther alipata nini Roma, naye alipata nini Wittenberg?
4. Ni habari gani iliyoletwa na msafiri ambayo usharika wetu umeikataa kabla ya kuisikiliza? Soma Mithali 18:13.
5. Petro alilipima jambo jipya kwa njia zipi? Linganisha na Matendo 17:11.
6. Ni nani katika usharika wetu aliye safarini sasa? Ni nani amwandikiaye barua, na ni nani atakayemsikiliza atakaporudi?

Swali la 6 lisijibiwe kwa maneno tu. Walimu na waandike majina ya vijana wote wa darasa walio mbali, wayagawe kati ya wazee wa usharika, na kila mzee apeleke barua yake kabla ya mwezi huu kwisha. Katika barua hiyo na amwulize kijana wake ni sura gani asomayo sasa, naye mzee aisome sura hiyo hiyo.